Meno ya Mbele ya Ustadhi Shomari

Nimeng'oa meno mengi kuliko niliyoyaokoa, nami siioni fahari yoyote katika jambo hilo. Kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nilikuwa tabibu wa meno katika vituo vya afya vya Kinondoni na Temeke. Sasa nimestaafu, ninaishi Kigamboni, ambako majirani huniletea simu zao ili niwasikilizie sauti za watu wasiojulikana wanaosema kwamba mafuta ya nazi yaliyochanganywa na karafuu hukaza jino lililolegea. Mimi huwauliza swali moja tu: aliyesema hayo alipima nini, na kwa kifaa gani? Wengi huchukua simu zao wakaenda zao.

Ninyi vijana mnaosomea kazi hii mtaletewa habari za namna hiyo kila siku, na ningependa mjifunze kuuliza swali hilo mapema kuliko nilivyojifunza mimi. Nilijulikana kituoni kwa kuchukia neno "inasemekana." Mtu akilitamka mbele yangu nilimkatiza. Hata hivyo, kwa miaka mingi nilitibu fizi za watu kwa kutegemea neno hilo hilo bila kulitambua, na nusura mwalimu mmoja wa madrasa alipe kwa kukosa sauti yake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbwana, tabibu wa zamani mwenye mikono midogo na subira kubwa. Kwake nilijifunza kwamba jino halivutwi. "Usilivute, lishawishi," alikuwa akisema. Unalibana kwa koleo, unalisukuma kwenda kwenye mzizi kana kwamba unataka kulizamisha, kisha unalielekeza nje na ndani polepole mpaka mfupa wenyewe ukubali kulegeza. Alinifundisha pia kukipasha kioo kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kukiingiza mdomoni ili kisipate ukungu, na kutoificha sindano ya ganzi mgongoni, kwa sababu mgonjwa akiiona ghafla imani yake kwa daktari hupungua kuliko akiiona mezani tangu mwanzo. Ushauri huu wa mwisho una mipaka yake. Askari mmoja kutoka Gongo la Mboto, mtu mwenye kifua kama kabati, aliiona mezani akazimia hapo hapo. Alipozinduka alininong'oneza nisimwambie mkewe. Mkewe ndiye aliyekuwa amemshika miguu.

Lakini Mzee Mbwana alinipa na kanuni nyingine, ambayo yeye alipewa na mwalimu wake, naye mwalimu wake sijui alipewa na nani: fizi zikioza, mwenyewe ni mchafu, jino likicheza, ling'oe. Niliipokea kama nilivyopokea ya kioo na ya koleo. Katika droo yangu kulikuwa na kifaa chembamba chenye alama za milimita, cha kupimia kina cha nafasi kati ya jino na ufizi. Kilikuwa bado ndani ya karatasi yake. Sikuona haja ya kupima jambo ambalo nililijua.

Ndipo alipokuja Ustadhi Shomari. Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Alifundisha Qur'ani watoto wa Mtoni, mtu wa makamo, mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi hadi mikononi. Alifuatana na mkewe, Bi. Zuhura, ambaye aliketi kwenye benchi ndani ya chumba changu bila kukaribishwa. Nilimfungua mdomo Ustadhi. Fizi zilikuwa nyekundu na zimevimba, zikatoka damu nilipozigusa kwa kioo tu, na meno manne ya mbele ya juu yalicheza chini ya kidole changu.

"Unaswaki mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mswaki wa mti kabla ya kila swala. Wa dukani asubuhi na wakati wa kulala."

"Ustadhi, mdomo hausemi uongo."

Bi. Zuhura akainua kichwa. "Ewe dokta! Mie ndiye ninayeishi naye. Akishika mswaki, sie wengine tunasubiri bomba kama foleni ya mafuta ya taa. Kama kuna mtu anaswaki Mtoni nzima, ni huyu. Labda meno yenyewe yamemchoka."

Sikucheka. Nilimwambia Ustadhi aje Alhamisi niyang'oe yote manne, na fizi zikipona nitamtengenezea ya bandia.  Kisha akaweka kidole chini ya meno yake mawili ya katikati.

"Daktari, nikisoma Qur'ani, herufi thaa inakaa hapa. Ncha ya ulimi, kwenye ukingo wa haya mawili. Dhali hapa hapa. Dhwaa hapa hapa. Na faa ni mdomo wa chini na ukingo huu huu. Herufi nne. Ya bandia yatateleza, nimewasikia wenzangu waliovaa. Nikizikosea mie, watoto sitini wanazikosea, na watakwenda na kosa hilo kwenye swala zao mpaka siku wanazikwa."

Nilimjibu kwamba mimi ninatibu midomo, na masomo si kazi yangu. Nimeitamka sentensi hiyo mara moja tu maishani, nami bado ninaisikia.

Siku ile ile orodha yangu ya Alhamisi ilipita mezani kwa Dk. Neema. Huyu alikuwa daktari wa meno aliyehamishiwa kituoni miezi michache kabla. Kwa cheo alikuwa mkuu wangu, na kwa umri angeweza kuwa binti yangu wa mwisho. Kila asubuhi alinipa shikamoo, kisha akanipa maagizo, na yote mawili aliyafanya bila kuona haya.

"Mzee, haya manne tunayang'oa kwa nini?"

"Yanacheza."

"Yamepimwa?"

"Nimeyashika kwa mkono wangu."

"Sijauliza kama umeyashika, mzee wangu."

Alhamisi alimketisha Ustadhi mwenyewe, akakifungua kile kifaa cha milimita kutoka katika karatasi yake, akanipa kalamu niandike. Alikiingiza taratibu kuzunguka kila jino, pande sita, akasoma namba. Mahali ambapo ufizi mzima hutoa mbili au tatu, yeye alisoma sita, saba, sita. Nilipomaliza kuandika, karatasi ilikuwa inaeleza jambo ambalo miaka yangu yote ya kushika haikuwahi kueleza: kwa jino gani, upande gani, kwa kiasi gani. Kisha akaniita niangalie tena kwa kioo.

"Mzee, niambie ugaga unauona wapi."

Nikatafuta. Ule uchafu uliogandia meno kama jiwe ulikuwapo, kidogo, nyuma ya meno ya chini na chini ya ukingo wa fizi. Wagonjwa wangu wengi walikuwa na mara tatu ya ule na meno yao yalisimama kama nguzo.

"Mdomo huu umeharibika kuliko uchafu wake," akasema. Akamgeukia mgonjwa. "Baba, kiu ikoje siku hizi?"

"Maji nakunywa, ndiyo. Joto."

"Joto gani!" Bi. Zuhura akadakia. "Anamaliza dumu! Na safari za chooni hazihesabiki. Kidole cha mguu kimekwaruzika tangu mwezi uliopita, mpaka leo kidonda hakijafunga. Nikisema, naambiwa nina maneno."

Dk. Neema akachukua tone la damu kwenye kidole cha Ustadhi. Mashine ikatoa namba, naye akaitazama kwa muda kabla ya kumwonyesha. Ustadhi Shomari alikuwa na kisukari, huenda kwa miaka, na hapakuwa na mtu aliyemwambia. Mimi pia nilikuwa nimemwona, nikamwambia kwamba ni mchafu. Siku ile hatukung'oa jino.

Mchana, mgonjwa alipokwisha kupelekwa kliniki ya kisukari, nilimtaka Dk. Neema anieleze uhusiano wa sukari na mfupa wa taya, na nikamtahadharisha kwamba sitaki hadithi. Akavuta kiti.

"Mwizi akiingia uani kwako, mzee, nani anapiga ukunga kuwaita majirani?"

"Anayemwona kwanza."

"Bakteria walio chini ya ufizi ndio mwizi. Seli zinazowaona kwanza zinapiga ukunga, na ukunga wenyewe ni protini ndogo ndogo ambazo seli moja humwaga ili nyingine isikie. Hizo ndizo saitokini. Interlukini-1 ni mojawapo, TNF ni nyingine. Majirani wanatoka na marungu: damu inaongezeka pale, ufizi unavimba, unakuwa mwekundu. Hapo hakuna kosa. Mwizi akishafukuzwa, kuna saitokini nyingine za kuwaambia watu warudi majumbani."

"Na wasiporudi?"

"Basi huo ndio uvimbe sugu. Ukunga haukomi. Uani kumejaa watu, mwizi hawamwoni vizuri, wanakanyaga bustani, wanavunja uzio. Nyuzi zinazolishika jino zinakatwa. Halafu ukunga ule ule unaziamsha seli zinazokula mfupa. Kwa hiyo mfupa wa Ustadhi haukuliwa na ugaga, mzee. Umebomolewa na mwili wake mwenyewe, kwa amri ya kelele zake mwenyewe."

"Na sukari?"

"Sukari ikizidi katika damu, seli zinapiga ukunga kwa kipaza sauti. Ugaga kidogo, kelele kubwa. Na kelele za fizi hazikai mdomoni; zinaingia kwenye damu, zinaisumbua insulini, sukari inapanda zaidi."

Nikamwambia kwamba mfano si ushahidi. Hakukasirika. Alifungua mkoba akanipa makala kadhaa zilizochapishwa, akasema hakutarajia niamini kwa sababu ya mwizi. Nilizisoma kwa wiki nzima, kamusi ya tiba kando yangu, nikiweka alama ya kuuliza pembeni kila nilipoona mwandishi ameruka hatua. Alama zilikuwa chache kuliko nilivyotumaini. Na kabla hamjaanza kutangaza mitaani kwamba fizi ndizo chanzo cha kila ugonjwa, someni nanyi kwa uangalifu: kutibu fizi hushusha sukari kwa kiasi, wala hakuchukui nafasi ya dawa. Uvumi unaweza kujengwa hata juu ya jambo la kweli.

Tulianza kazi. Dk. Neema aliniachia mgonjwa, nadhani kwa makusudi. Kwa ganzi, katika siku mbili tofauti, nilikwangua ugaga chini ya fizi, mzizi baada ya mzizi, mpaka chombo kilipopita juu ya mzizi bila kukwaruza. Sikilizeni kwa vidole: mzizi wenye ugaga huhisika kama mchanga, mzizi safi huhisika kama kioo. Kliniki nayo ilimwanzishia dawa za kisukari na kumpangia chakula. Nilimwambia arudi baada ya wiki sita.

Alirudi baada ya mbili. Aliingia bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Bi. Zuhura nyuma yake alikuwa kimya, jambo lililonitisha zaidi.

"Jirani yangu aliniambia," Ustadhi akasema. "Aliniambia, ukikwanguliwa meno yanalegea. Nikamwambia hapana, kuna daktari amesoma. Sasa tazama." Akaligusa jino la katikati kwa ulimi, likasogea, nikaliona. Kati ya meno palikuwa na nafasi ambazo hazikuwapo awali. "Jana nimesoma mbele ya darasa, mtoto wa miaka saba akanisahihisha. Mie! Ng'oa, daktari. Ng'oa yaishe, nitafute mtu wa kushika madrasa."

Vijana, fikirini hali hiyo. Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Mgonjwa mwenyewe aliniomba nifanye kile nilichotaka kufanya tangu siku ya kwanza, na kile nilichokifanya kwa mamia ya watu waliomtangulia. Uvumi wa jirani nao ulionekana kuwa kweli, mbele ya macho yangu. Nililiweka koleo chini na, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, nilimkatalia mtu jino lililokuwa linacheza.

"Jirani yako ameona sawasawa," nikamwambia, "ila amekosea sababu. Ugaga wa chini ya fizi, hata kidogo vile, ulikuwa umeyashika meno yako kama saruji iliyopakwa juu ya nguzo, wakati chini ardhi inachimbwa. Nimeiondoa saruji, na ufizi uliovimba umenywea, ndiyo maana unaona nafasi. Ulegevu ulikuwapo. Ulikuwa umefichwa. Ngoja nikupime."

Nikampima, namba kwa namba, nikimsomea kwa sauti na ya zamani na ya sasa. Saba ilikuwa imekuwa tano. Sita imekuwa nne. Kati ya pande zote za meno yale manne, ni tatu tu zilizotoa damu.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo ukunga unapungua. Mfupa hauwezi kutulia wakati kelele zingali zinaendelea. Nipe miezi mitatu. Kwa sasa nitayafunga yote manne kwa waya mwembamba, nyuma, yashikane yasimame pamoja."

"Nyuma? Ulimi unapopita?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Hakuna kitabu kinacholitaja. Nikamwambia tutaufunga waya huku akisoma, na mwenye sikio atatuamulia. Bi. Zuhura akasogeza benchi lake karibu.

Nikaunasisha waya juu kidogo, mbali na ukingo, nikaufunika kwa dawa ya kuzibia meno, nikamwambia asome. Akasoma. Bi. Zuhura akatikisa kichwa: "Inapiga mluzi. Kama birika." Nikasugua upande wa kushoto. Akasoma tena. "Faa imekaa. Thaa bado, imekuwa nzito, kama ana pipi." Nikasugua katikati, kidogo sana, nikijaribu mimi mwenyewe kuitamka ile herufi ili nielewe ulimi unagusa wapi.

Ustadhi, mdomo wazi na pamba mashavuni, akaanza kucheka. "Daktari, wewe meno unayo yote, na juzi umesema 'zambi' mbele yangu."

"Mimi ni mtu wa bara," nikamwambia.

"Hilo nalo halina dawa," Bi. Zuhura akasema.

Mara ya nne akasoma aya nzima, macho yameelekea dari.  Mkewe alikuwa ameweka kiganja kifuani. "Hiyo," akasema. "Iacheni hivyo hivyo. Msiguse tena."

Miezi mitatu ikawa sita, na sita ikawa mwaka. Sitaki mfikiri yote yalikwenda vizuri. Jino moja la chini, ambalo sikulipa uzito, lilishindwa nikaling'oa, na siku moja alikuja sukari yake imepanda kwa sababu ya futari za Ramadhani na tambi za Bi. Zuhura, fizi zikawa nyekundu tena ndani ya wiki chache. Hapo ndipo nilipoamini kikamilifu, kwa kuwa nililiona jambo likienda na kurudi mbele ya kifaa changu. Tangu wakati huo kila mgonjwa mwenye fizi zilizoharibika kuliko uchafu wake nilimuuliza habari za kiu, za haja ndogo na za vidonda, na mwenye sigara nilimpima hata kama hatoi damu, maana moshi huifungia damu ndani na kumdanganya daktari mvivu. Wengine niliwang'olea kabla ya hapo, na niliwaaga kwa maneno makali. Siwajui walipo. Sina la kuwaandikia isipokuwa kwamba sikuwa nimepima.

Miezi michache kabla ya kustaafu nilimpima Ustadhi Shomari kwa mara ya mwisho. Tatu, tatu, nne, tatu. Hakuna damu. Niliutoa waya wa zamani nikaweka mpya, Bi. Zuhura akaupitisha katika jaribio la kwanza, akajisifu kwamba sasa mimi ni fundi. Ustadhi akashuka kitini, akatengeneza kanzu, kisha akaniuliza:

"Haya manne yatadumu mpaka lini?"

Ningeweza kumpa maneno mazuri. "Mfupa ulioliwa haurudi," nikamwambia. "Uliobaki unashika. Ukitunza sukari na kuja kila miezi mitatu, yanaweza kukaa miaka mingi. Lakini mpaka lini, sijui."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepanga ratiba. Madrasani kwake, akanieleza, watoto huanza na alifu na kushuka herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa yeye na kama alivyofundishwa babu yake.

"Kuanzia Jumamosi nabadilisha," akasema. "Kila mtoto anayeingia mlangoni ataanza na thaa, dhali, dhwaa na faa, akiwa ananitazama mdomoni. Hizo zinataka meno yangu."

"Na alifu?" Bi. Zuhura akauliza, amekwisha kusimama mlangoni.

"Alifu watafundishwa hata na kibogoyo."